Siku Karani Alipozikataa Kurasa

"Ijulikane kwa wote waliomo ndani ya nyumba hii, wenye miguu miwili, wenye miguu minne na wenye waya," alitangaza Nakundwa, mkono mmoja kifuani na mwingine ukielekea darini, "kwamba kuanzia dakika hii cheo cha Fundi Mkuu wa Ukoo kimepata mwenyewe. Tatizo hili litatafutwa, litakamatwa na litaaibishwa hadharani kabla chai haijapoa!"

"Shuka kwenye stuli yangu," alisema Bibi Niwaeli. "Na hiyo sketi umeivaa nyuma mbele."

Fundi Mkuu akashuka. Sketi ilikuwa nyuma mbele kweli, lakini mashujaa wengi wa historia walivaa kwa haraka, na Nakundwa hakuona sababu ya yeye kuwa tofauti. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana kule tambarare. Daftari la matroni lilionyesha kwamba ameadhibiwa mara tisa kwa mambo ambayo yeye mwenyewe aliyaita utafiti.

Tatizo lenyewe halikuwa la kuchekea. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia migomba ya Usangi. Bibi Niwaeli, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa amevaa shati jeupe na sketi ya bluu aliyoishona mwenyewe, kalamu moja sikioni na nyingine mkononi, tayari kwa mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne. Saa nne kamili ukurasa wa mtihani ungefunguka. Saa nne na dakika tano ungefungwa kwa yeyote ambaye hajaingia, na asiyeingia angesubiri miaka miwili. Na kompyuta ya nyumba, tangu walipoivua kitambaa chake cha kufuma, ilikuwa na jibu moja tu kwa kila ukurasa ulioitwa: UKURASA HAUKUBALIKI.

"Jaribu ukurasa wa hali ya hewa," alisema Mjomba Elieza, kitinda mimba wa Bibi, bwana shamba wa kata na mkimbiaji wa alfajiri.

Nakundwa akajaribu. UKURASA HAUKUBALIKI.

"Wa bei za tangawizi?"

UKURASA HAUKUBALIKI.

"Samahani sana," ilisema kompyuta kwa sauti yake ya kusoma risala. Jina lake lilikuwa Karani. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesimamia maji ya tangi, taa za uani, sauti ya jogoo ya kuamsha watu, na, kwa miaka minne ya mwisho, masomo ya Bibi. "Ningependa kuwasaidia. Niulizeni chochote."

"Tutauliza baadaye," alisema Fundi Mkuu, akikunja mikono ya sweta. "Kazi kwanza."

Akaingia chini ya meza. Kule chini alikaa muda wa kutosha watu kuanza kumheshimu.

"Umeme upo!" ilitoka sauti. "Waya wa ungo wa mtandao mzima! Panya hajaugusa! Nimekuta na andazi la Krismasi!"

"La Krismasi ipi?" aliuliza Mjomba.

"Hilo litahitaji uchunguzi wa pili."

Hatua iliyofuata ilikuwa ile ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia wakati bado wanafikiri: walimzima Karani, wakahesabu hadi sitini, wakamwasha. Akaamka na adabu zake zote. "Habari za asubuhi. Nimelala dakika moja na sijaota kitu." Kisha akaitiwa ukurasa, na akaukataa kama mwanzo.

Mjomba Elieza akatumwa juu ya bati kuugeuza ungo. Nakundwa alisimama uani akiongoza kwa mikono kama askari wa barabarani.

"Kushoto, Mjomba! Kidogo! Sasa kulia! Zaidi! Hapo hapo, usipumue!"

"Umefunguka?"

"Bado! Ila umependeza sana!"

Mjomba alitaka kujibu, akasahau kwamba bati lina umande, na akashuka kwa njia fupi. Tuta la matembele lilimpokea vizuri. Bibi alichungulia dirishani, akaona mwanawe anatikisa kichwa na mikono, akasema, "Mzima huyo," na kurudi kwenye jedwali lake la logariti.

Hapa ikumbukwe kwamba Nakundwa hakuwa mbumbumbu. Shuleni kwao kila msichana alifundishwa kulitafuta tatizo la mtandao kama anavyotafutwa mwizi wa sukari bwenini: kwa kuwatoa kwenye orodha wasio na hatia, mmoja mmoja.

"Karani, uite mnara wa Kindoroko. Unaitika?"

"Nimeuita mara nne, umeitika mara nne."

"Basi njia ipo." Akaandika kwenye kiganja: *njia*, akakata mstari. "Sasa usiuite ukurasa kwa jina. Uite kwa namba zake. Huenda kitabu cha majina ndicho kimeharibika."

UKURASA HAUKUBALIKI.

*Majina*, akakata mstari. Akatoka hadi kwenye ua wa masale unaotenganisha boma lao na la jirani. "Mama Mrutu! Shikamoo! Kurasa zenu zinafunguka?"

"Marahaba! Zinafunguka, mwanangu, natazama namna ya kusuka mtindo wa twende kilioni! Kwani Bibi hajaanza tu?"

"Anapasha misuli!"

*Mtandao*, akakata mstari. Kiganjani likabaki neno moja ambalo hakutaka kulikata wala kuliacha: *Karani*.

Kama mashine ya jirani ilikuwa nzima, kwa nini Bibi asikimbilie huko? Kwa sababu ya Mwaka wa Vinyago. Bibi mwenyewe aliuona kwa macho yake. Alikuwa kijana wa enzi zile ambapo watu walitembea na simu mifukoni wakiamini chochote kinachong'aa, hadi mwaka ulipofika ambapo mtoto yeyote aliweza kutengeneza uso wa mtu yeyote ukasema lolote. Mapadre walionekana wakimkana Mungu, marehemu wakabadili wosia. Baada ya hapo zikaja sheria. Kila ukurasa ukapigwa muhuri unaoishi saa moja tu, ukifa unapigwa mwingine, na kila mashine ikalazimika kuusoma muhuri kabla ya kukuonyesha hata picha ya kuku. Na mtihani ukaruhusiwa kufanywa tu kwenye mashine iliyomjua mtahiniwa kwa miaka mitatu au zaidi, sauti yake, mwandiko wake na namna anavyokosea. Mashine ya Mama Mrutu ilimjua Bibi kama mtu wa kuja kuazima chumvi.

*

Saa tatu kasorobo Mjomba Elieza, bado ana majani ya matembele kwenye kola, aliinua simu nyekundu ya waya iliyokuwa ukutani. Simu hizo zilirudishwa katika kila nyumba baada ya Mwaka wa Vinyago, zikiunganishwa na fundi wa zamu wa wilaya. Wa zamu siku hiyo aliitwa Ndugu Machumu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula karanga.

Alisikiliza orodha yote ya Nakundwa bila kumkatiza.

"Kazi nzuri, binti. Umefika mbali kuliko wengi," alisema. "Sasa dawa yake ni ndogo. Futeni kumbukumbu, aanze upya. Dakika ishirini tu."

"Afutwe nini?" aliuliza Bibi kutoka mezani.

"Kumbukumbu, mama. Mashine inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Utambulisho wako wa mtihani tunao huku, tutaurudisha. Yaliyobaki hayarudi."

"Yaliyobaki ndiyo yapi?"

Karanga zikatulia. "Basi, mambo ya nyumbani, mama. Mazungumzo. Alichojifunza kuhusu ninyi."

Bibi Niwaeli aliivua miwani. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua na wadogo zake sita wakahitaji mtu wa kuwapikia. Miaka hamsini na kitu baadaye alimwambia Karani, kwa aibu, hali amefunga mlango, kwamba hajui kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Karani alimweleza. Hakuelewa. Akamweleza kwa mfano wa mihogo, kwa mfano wa ngazi, kwa mfano wa mtu anayerudi kinyumenyume. Waligombana wiki nzima. Siku ya nane Bibi alipiga kelele hadi kuku wakaruka, si kwa hasira, bali kwa kuelewa.

"Huyu ndiye mwalimu wangu," alisema. "Nimfute akili ili nikafanye mtihani alionifundisha yeye?"

"Mama, ni mashine," alisema Mjomba kwa upole. "Na inazeeka. Jana jogoo wake kaniwikia saa tano asubuhi! Nimeamka jua lipo utosini, nikakimbia na kina mama wanaotoka sokoni. Mashine nzima haifanyi hivyo."

"Niliwika kwa saa niliyopewa," alisema Karani.

"Unaona? Hata hajui amekosea."

"Bibi," alisema Karani, na safari hii sauti yake haikuwa ya risala. "Kubali nifutwe. Mtihani ni wako. Mimi nitajifunza tena."

"Kwa nani? Na ile wiki ya hasi mara hasi atakuwa anaikumbuka nani?"

"Wewe."

Nje, kuku mmoja alitaga na kujisifu.

Bibi alitazama pembe ya kioo, mahali palipochorwa duara la saa lenye mishale. "Mshale mkubwa ukifika kwenye sita, yaani saa tatu na nusu, nitaweka kidole nimfute. Miaka miwili mimi sina ya kuchezea. Mpaka hapo, Fundi Mkuu, fanya hayo mambo yako ya kiganjani." Akaongeza, kwa huzuni ya kumsifia mgonjwa, "Maskini. Na ndiyo kwanza saa yake imestaarabika. Miaka yote alikuwa ananionyesha saa za kigeni, saa mbili mshale unasimama kwenye nane, kila mara nipige hesabu. Tangu juzi inaonyesha saa mbili kwenye mbili kama watu."

Fundi Mkuu alikohoa. Kikohozi hicho hakikuwa na sababu yoyote ya kitabibu.

*

"Naomba chumba," alisema Nakundwa. "Wote nje. Upasuaji huu ni wa faragha."

Bibi na Mjomba wakatoka hadi barazani. Nakundwa akafunga mlango, akavuta stuli karibu na kioo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu saa mbili. Aliuliza.

"Karani. Kwa nini ukurasa haukubaliki?"

"Muhuri wake una kasoro."

"Kasoro gani?"

"Umepigwa saa sita zijazo. Siwezi kuukubali ukurasa ambao bado haujaandikwa."

"Hata ule wa hali ya hewa?"

"Kurasa zote za dunia, tangu Alhamisi saa moja jioni, zinatoka katika saa ambazo bado hazijafika. Nimeshangaa sana, lakini jana hakuna aliyeita ukurasa, na leo sikuulizwa."

Nakundwa aliutazama mshale wa saa. Ulikuwa umepita kidogo kwenye tatu. Nje ya dirisha ilikuwa saa tatu asubuhi, kwa hesabu ya Bibi, ya Mama Mrutu na ya kuku. Lakini Karani alizaliwa kiwandani akihesabu kuanzia usiku wa manane, na kwake mshale ukiwa kwenye tatu maana yake ni tatu ya usiku mnene, watu wamelala, na mihuri ya asubuhi haijapigwa.

"Nani... ehm... nani alikupa saa hiyo?"

"Kidole gumba cha kulia cha Nakundwa. Kilikuwa na mafuta ya maandazi."

"Na wewe ulijua si kweli!"

"Nilidhani. Sheria ya saa inasema mashine isijipangie saa, wala isimbishie binadamu aliyeipanga. Ilitungwa baada ya mashine kadhaa kujirudisha nyuma na kutia sahihi mikataba ya jana. Nikiulizwa nitajibu. Mliniuliza kuhusu waya. Nikawajibu kuhusu waya."

Msomaji asiwe na haraka ya kumhukumu binti huyu. Alhamisi ile jioni alimwona Bibi akikunja vidole mbele ya saa, akihesabu saa za mazoezi, akikosea, akijilaani. Akaamua kumpa zawadi. Mizunguko sita ya mshale mkubwa kurudi nyuma, na nyumba nzima ikawa imekombolewa kutoka saa za kigeni. Ukombozi huo ulikuwa pia na faida ndogo ya pembeni: jogoo wa saa kumi na moja alfajiri, yule anayemwamsha Mjomba akimbie na kumwamsha mpwa wake afagie uwanja, angewika saa tano asubuhi. Faida hiyo ya pembeni Nakundwa aliifikiria kwanza, zawadi akaifikiria baadaye, lakini zote mbili zilikuwepo.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tatu. Angeweza kufungua mlango na kusema. Maneno yalikuwa machache: Bibi, ni mimi. Aliyapanga mdomoni, akayaonja, akaona yana ladha ya fagio. Na kule barazani alimsikia Mjomba akisema, "Mtoto huyu ana akili, lakini kwa hili tumemtwika kubwa."

Akabonyeza kidole gumba. Akaizungusha mishale kwenda mbele, mizunguko sita. Mshale mdogo ukatua kati ya tisa na kumi. Kisha akakishusha kitambaa cha kufuma juu ya pembe ile ya kioo, kwa namna ya mtu anayepamba.

"Nimetengemaa," alisema Karani. "Kumbukumbu ya matengenezo inataka chanzo cha hitilafu. Niandike nini?"

"Andika hitilafu ya kawaida."

"Huo ni uongo. Siwezi."

"Basi acha wazi."

"Hilo naweza," alisema Karani. Nakundwa alitamani asingeliweza.

Akauita ukurasa wa mtihani. Ukaja wote, kwa pumzi moja, na nembo yake na saa yake inayohesabu kurudi nyuma na jina kubwa katikati: NIWAELI ELIAMINI MFINANGA.

"UMEFUNGUKAAA!"

*

Kilichofuata Usangi hawajakisahau. Bibi aliingia akiwa amenyooka kama mtu anayekwenda kuapishwa. Alimpapasa Karani juu ya kitambaa, akanong'ona kitu ambacho hakikuwahusu wengine, akafunga mlango. Kwa saa mbili Mjomba Elieza na Nakundwa walilinda ua. Waliwafukuza kuku, wakamnyamazisha mbuzi kwa maganda ya ndizi, wakamzuia mwanakwaya aliyekuja kuuliza habari za mazoezi. Mama Mrutu alifika na nywele nusu zimesukwa, akakaa chini ya dirisha na kusali kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini.

Saa sita mlango ulifunguka. Bibi alitoka ana wino puani.

"Swali la kumi na moja," alisema, "walileta hasi mara hasi."

"Ukasemaje?"

"Nilicheka. Peke yangu mle ndani, nilicheka."

Matokeo siku hizi hayakawii, na saa nane na robo Karani aliyasoma kwa sauti ya risala iliyotetemeka kama ya mtu, ingawa yeye si mtu: Hisabati, B. Vigelegele vya Mama Mrutu viliamsha mbwa hadi Kirongwe. Mjomba alimbeba mama yake, akakumbuka mgongo wake ulivyoangukia matembele, akamshusha. Jogoo halisi, mwenye manyoya, akachinjwa.

Na katika chakula hicho lilitokea jambo la heshima. Firigisi katika nyumba ile ni ya mwenye nyumba, na tangu Babu afariki ilikuwa ya Mjomba Elieza. Mjomba aliitazama, akaisukuma sahani mbele ya Nakundwa.

"Leo ni yako, Fundi Mkuu. Bila wewe tungemfuta mzee wa watu bure."

Nakundwa akasimama. Hotuba ilimjia bila kuitwa. "Ndugu wananchi wa meza hii, ufundi si mikono, ufundi ni utulivu. Nilipoitazama hitilafu ile ana kwa ana, nayo ikanitazama..."

"Kaa ule," alisema Bibi, lakini alikuwa anatabasamu.

Akaitia firigisi mdomoni. Ndipo simu nyekundu ikalia.

*

Mjomba aliipokea, akaiweka wazi ili wote wasikie. Karanga zilikuwa zimekwisha, Ndugu Machumu sasa alikuwa na sauti ya mtu mwenye fomu.

"Hongereni sana, mama. Nimeyaona. Sasa kuna kitu kidogo. Kumbukumbu ya matengenezo ya hapo kwenu, mahali pa chanzo pamebaki wazi."

"Maana yake nini?" aliuliza Bibi.

"Mashine iliyokataa kurasa bila chanzo kujulikana haiachwi nyumbani. Ni sheria ya vinyago. Jumatatu gari litakuja kuichukua, itafutwa, na mtaletewa nyingine. Mpya kabisa, msiwe na wasiwasi."

Hakuna aliyetafuna. Nakundwa hakutafuna zaidi ya wote. Firigisi ilikaa shavuni kama jiwe.

"Karani," alisema Bibi polepole, "ulikuwa unaumwa nini?"

"Bibi, ukiniagiza nijibu, nitajibu. Ila naomba usiniagize kwanza. Kuna mtu mezani ambaye angependa kutangulia."

Mjomba akamtazama Mama Mrutu. Mama Mrutu akaitazama nyama. Bibi hakumtazama mtu. Alinyanyuka, akaenda kwenye kioo, akakifunua kitambaa kile pembeni ili aone vizuri. Akasimama pale. Kisha akaitazama saa ya mkononi ya Mjomba, akarudi kwenye kioo, na vidole vyake vikaanza kukunjana kimoja kimoja kama alivyozoea, ila safari hii kwa mwendo wa mtu mwenye B.

"Sasa hivi ni saa tisa," alisema. "Asubuhi saa hii ilikuwa inasema kama watu, mbili kwenye mbili. Sasa imerudia ukoloni: tisa inaonyesha tatu. Tisa toa tatu, sita. Saa sita. Jana jogoo wa saa kumi na moja aliwika saa tano. Kutoka kumi na moja alfajiri hadi tano asubuhi ni saa ngapi, Elieza?"

"Sita," alisema Mjomba, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Sita mara ya pili. Sasa saa haijisogezi yenyewe, sheria inakataza. Kidole cha Elieza hakikuigusa, yeye ndiye aliyechelewa. Changu hakikuigusa, mimi nilidhani ni muujiza. Vidole vya nyumba hii ni vya watu watatu. Watatu toa wawili." Akageuka. "Nionyeshe kazi, mjukuu wangu. Jibu ninalo."

Nakundwa alimeza firigisi nzima. Ilishuka kwa shida. Angeweza kulia, na alilipima wazo hilo. Badala yake akatembea hadi kwenye simu, kwa sababu aliona kwamba mtu wa kwanza kusikia anapaswa kuwa yule mwenye gari la Jumatatu.

"Ndugu Machumu, ni mimi, Nakundwa. Andika chanzo. Alhamisi niliirudisha saa nyuma kwa saa sita. Karani alikuwa mzima wakati wote. Alitii tu. Leo nikaitengeneza kwa siri na nikamwambia aache wazi." Akavuta pumzi. "Na alikataa kusema uongo. Hilo nalo liandike."

Kwenye simu likasikika jambo lisilotarajiwa: Ndugu Machumu anacheka mpaka anakohoa. "Saa za Kiswahili! Miaka kumi na tisa kazini, hii sijapata. Sawa, binti. Gari nalifuta. Ila nataka taarifa kamili, imeandikwa na mkosaji mwenyewe, kwa nafsi ya tatu kama kanuni inavyodai, ili asijipendelee."

"Kidogo tu, kabla hujakata," alisema Karani. "Bibi, kama unataka kuona mbili kwenye mbili, sio lazima saa yangu ya ndani iguswe. Kuna kitufe cha kuonyesha saa za Kiswahili kwenye kioo. Kipo tangu siku niliyoletwa."

"Miaka kumi na miwili?" Bibi alishika kiuno. "Na hukusema?"

"Hukuniuliza."

Bibi alicheka hadi akashika meza, Mjomba akamfuata, na Mama Mrutu, ambaye hakuwa ameelewa hesabu yoyote, akapiga vigelegele upya. Kitufe kikabonyezwa. Mshale ukahamia kwenye tisa, na Karani akabaki nyumbani.

Taarifa yenyewe ndiyo hii uliyoisoma, Ndugu Machumu. Kabla ya kuitia bahasha Bibi aliipitia kwa kalamu nyekundu. Alipiga mstari chini ya kila "Fundi Mkuu", chini ya "mashujaa wengi wa historia", na chini ya sehemu yote inayomwomba msomaji asiwe na haraka ya kumhukumu binti huyu. Kisha akaandika pembeni: *Huyu anayesimulia anamjua sana huyu binti, mpaka kikohozi chake. Ni nani?*

Nimekamatwa tena, mara mbili kwa siku moja, na mtu yule yule. Nakiri. Ni mimi, Bibi. Kesho jogoo atawika saa kumi na moja alfajiri, na uwanja nitaufagia mimi, likizo nzima. Mjomba anaidai firigisi yake. Hiyo peke yake siwezi kuirudisha.